Jibu: Mzazi anaweza kukataa chanjo ya HPV shuleni?

Salaam ndugu. Umeuliza kama una haki ya kumzuia binti yako wa miaka 10 asidungwe chanjo ya HPV (kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi) iliyotangazwa shuleni kwao hapa Kenya, na kama anaweza kufukuzwa kwa sababu hiyo.

Kwanza angalia karatasi aliyokuja nayo. Ina mahali pa mzazi kutia saini, au ni tangazo tu? Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inadai ridhaa kabla ya huduma, na kwa mtoto mdogo mwenye kuitoa ni wewe. Ila kisome chote, maana kinaacha nafasi ya dharura na hatari kubwa kwa afya ya umma. HPV haiambukizi darasani kama surua, kwa hiyo sioni ukibanwa hapo. Mimi si wakili lakini.

Nilichofanya: nilimwandikia mwalimu mkuu mistari mitatu, kwamba wangu asichanjwe mpaka nizungumze na muuguzi. Akapokea bila ugomvi, na mtoto akaendelea na masomo. Hofu yangu ilikuwa uzazi. Tangu maaskofu Wakatoliki walipoipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda mwaka 2014, wakidai inaharibu uzazi, sikuwa na amani. Muuguzi alitoa kichupa kwenye kiboksi cha barafu, akanionyesha tarehe, akanieleza taratibu kwamba inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Nikaridhika, akachanjwa.

Ukikataa, kataa kwa maandishi, ubaki na nakala. Lakini tafadhali, nenda zahanati kwanza ukaulize, na uchukue kijitabu cha kliniki cha binti yako.