Mboga za mvuke kwa mwenye sukari, bila sufuria maalumu

Dada uliyeuliza utampikiaje mama mboga za mvuke baada ya kuambiwa apunguze wanga, na sufuria ya mvuke huna, usihangaike kuitafuta. Mimi ninampikia mzee wangu hapa Tanga, naye ana sukari, na ninatumia sufuria ya kawaida na chujio la bati linalokaa mdomoni mwake bila kugusa maji. Maji kina cha vidole viwili yanatosha. Yaache yachemke kwanza ndipo uweke mboga, na kama kifuniko kinavujisha mvuke pembeni, kizungushie kitambaa kilicholowa, mbali na moto.

Mboga nanunua soko la Mgandini, zile zinazoshuka kutoka Lushoto. Koliflawa ndiyo naitegemea, maana gramu 100 zake zina wanga kama gramu 5, wakati wali uliopikwa wa uzito huohuo una kama gramu 28. Kabichi, zukini na maharage machanga nayo hayana shida. Karoti ina karibu gramu 10, basi weka nusu karoti tu kwa ajili ya rangi. Mbatata na mahindi usichanganye humo kabisa.

Wengi wanaharibu pale wanapotia zote kwa pamoja. Tanguliza maharage machanga na karoti. Baada ya dakika tatu hivi ongeza koliflawa uliyoichambua vipande vidogo, dakika mbili tena zifuate zukini na kabichi, zikae nne au tano. Hapo simama karibu uiangalie kabichi. Rangi yake ya kijani hung'aa, na ule mshipa mnene wa katikati ya jani unapitisha ncha ya kisu huku bado ukikaza kidogo. Epua palepale, mwaga mboga kwenye sinia pana. Ukiziacha chujioni zimefunikwa zinaendelea kuiva, kabichi inaanza kutoa ile harufu nzito, na mama atasusa.

Chumvi nyunyiza mwishoni, kidogo. Pasha kijiko cha mafuta ya nazi, tia kitunguu saumu ulichotwanga, kikianza tu kunukia mimina juu ya mboga, kisha pilipili manga na ndimu. Ndimu usiibanie, ndiyo inayomfanya mzee wangu amalize sahani. Sisi wa pwani tunapenda tui, na tui halina wanga mwingi, ila lina mafuta mazito, kwa hiyo kama mama ana tatizo la moyo lipunguze.

Nakuomba sana jambo hili: kama anachoma insulini au anameza vidonge vya sukari, usimkatie ugali na wali ghafla kabla hujaongea na kliniki yake. Baadhi ya dawa hizo hushusha sukari hata asipokula wanga. Akitokwa jasho jembamba, akitetemeka au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, huenda imeshuka mno.

Mzee namwekea nusu sahani mboga hizi, robo samaki changu wa kuchoma, na robo iliyobaki ugali. Mboga zikibaki usizirudishe kwenye mvuke, zitalainika. Asubuhi zikatekate, uzivurugie mayai.