Yale makaratasi 84 yaacheni steshenari

Wiki iliyopita nilikuwa Mtwara mjini kwa shangazi, nikaingia steshenari moja karibu na soko kutoa kopi ya kitambulisho. Mbele yangu kuna bwana mdogo anaprintiwa PDF. Kurasa 84, ukurasa shilingi mia, elfu nane na mia nne hiyo imeondoka. Juu imeandikwa maswali na majibu ya usaili wa Afisa Ugavi. Nikamuomba nichungulie, ukurasa wa pili tu nakutana na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na TANePS, mfumo wa zamani wa ununuzi wa serikali mtandaoni. Mdogo wangu, sheria ipo mpya ya 2023 na kanuni zake za 2024, na TANePS tulishahama, mfumo wa sasa ni NeST. Nikafunua mbele, OPRAS hiyo hapo, zile fomu za zamani za kupima utendaji wa mtumishi, wakati watumishi saivi tunajaza kwenye mfumo wa PEPMIS. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, wenzangu wote wanasomea hii hii."

Nikarudi Lindi na hilo neno kichwani. Wenzangu wote wanasomea hii hii. Mimi pia niliambiwa hivo hivo, na ile PDF yangu ikanilaza na viatu mwaka 2019. Kwaiyo kaeni tuongee. Sifundishi kufungua akaunti Ajira Portal, hayo mnayajua kuliko mimi. Naongea na nyie ambao mmeshaitwa mchujo, ule mtihani wa kwanza kabla ya mahojiano, mara mbili tatu, mnajua kunakili namba ya mtihani kwenye akaunti zenu kabla ya kusafiri, na bado kila mwaka mnarudi Masasi, Newala, Nachingwea mnasema wenye nafasi zao wanajulikana.

1. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lisome lote, kuanzia nembo mpaka saini ya Katibu. Siyo skrinshoti ya ukurasa mmoja iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp. Kada yako ina tarehe yake, muda wake na sehemu yake, ya jirani yako siyo yako. Na kile kipengele cha vyeti kinasema wazi kwamba testimonial, provisional na result slip hazikubaliwi, kipo kila tangazo, na kila usaili mtu analia getini na result slip mkononi. Nilimuona mmoja amekaa chini ya mti analia kama mtoto, katoka mbali kuliko mimi. Pia safari. Sisi watu wa kusini tuna barabara moja ya kwenda Dar na mnaijua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi yakakwama, watu wamelala njiani. Usaili haukusubiri kisa wewe unatoka Mtwara. Nauli, kula na kulala ni juu yako, limeandikwa hilo pia, kwaiyo kama ni Dodoma jipange ufike siku mbili kabla, lala hata kwa ndugu wa mbali ambaye hamjaonana miaka kumi, atakupokea.

2. Mchujo kazi yake ni kupunguza watu. Alama hamsini ni ya kufaulu, ila kufaulu siyo kuitwa, wanahesabu kutoka juu. Mwaka 2025 TRA walikuwa na nafasi 1,596 na maombi yakazidi laki moja na elfu thelathini. Kwaiyo mtu anaesoma ili apate hamsini anajipangia kurudi nyumbani. Soma sheria yenyewe inayohusu kada yako, siyo muhtasari wa mtu. Na kama mchujo ni wa kwenye kompyuta, nenda kakae hata mara tatu kwenye kompyuta ya rafiki uzoee kushika mausi, maana kuna watu wanajua majibu na muda unawaishia wanatafuta kitufe.

3. Hii ndo iliyonifanya niandike.

Mimi ni wa Tandahimba. Nilimaliza ugavi 2016, kazi hakuna, nikarudi nyumbani kwa mama. Msimu wa korosho ulivyofunguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, ushirika wa wakulima wa kijijini, akamwambia mama, huyo binti si amesomea mambo ya stoo, aje atusaidie ghalani. Nikawa karani. Misimu mitatu, 2016/17, 2017/18, na ule wa 2018/19 ambao nani kusini hii ameusahau, Serikali iliposema inanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba. Mkulima analeta magunia, tunapima, namuandikia stakabadhi yake, daraja la kwanza huku, la pili kule, lori likija tunapakia kwa kuhesabu, dereva anasaini. Lori likifika ghala kuu wakipima kilo zikapungua, simu inapigwa kwangu. Na kilo zinapungua jamani. Nyingine ni unyaufu tu, korosho imekaa imekauka. Nyingine gunia limetoboka njiani. Nyingine ni mkono wa mtu. Nilijifunza kuzitofautisha hizo tatu kwa kuangalia daftari langu, kaunta buku moja kubwa imejaa vumbi, kila lori na namba yake, magunia mangapi, kilo ngapi, kasaini nani, saa ngapi.

2019 nikaitwa usaili wa taasisi moja ya umma, Dodoma. Mchujo nikapita, nikaingia mahojiano. Nauli alitoa mama na wamama wenzie wa kikoba. Na kwa miezi minne yote nilikuwa nakariri PDF. Ukurasa kwa ukurasa, mpaka mdogo wangu wa darasa la sita akawa ananishikia makaratasi ananiuliza swali mimi nalitema hadi nukta, mwisho na yeye akayajua. Kijijini wakawa wanasema huyu mwaka huu hakosi.

Nikaingia chumbani, wapo watano, katikati mama mmoja wa makamo, miwani, sauti ya taratibu. Akasema jitambulishe, tueleze na uzoefu wako. PDF ilisema taja jina, elimu, halafu sema unajituma na unaweza kufanya kazi kwenye presha. Nikasema vyote hivo. Ghala sikulitaja. Niliona aibu. Nimekaa mbele ya watu wa suti niwaambie nilikuwa nahesabu magunia ya korosho Tandahimba? Hata kwenye CV sikuandika, niliona itanishusha.

Akaja na swali. Umepokea katoni za karatasi, delivari noti inasema 200, wewe umehesabu 188, dereva ana haraka anataka umsainie aondoke. Unafanyaje?

Mnaelewa lakini? Hilo swali mimi nimeliishi misimu mitatu. Nimelijibu usiku, mvua inanyesha, tochi ya simu mdomoni, dereva anapiga honi. Na nikafungua mdomo nikasema, "Mapokezi ya bidhaa ni mchakato ambao taasisi huutumia katika kuhakikisha..." Yule mama akanyanyua mkono kidogo, akasema, "Hapana binti, dereva anakusubiri. Wewe unafanya nini?" Kanipa nafasi ya pili yule, siku hizi ndo naelewa. Mimi nikaona nimekosea ukurasa, nikahamia mwingine, nikaanza hatua saba za mapokezi, moja, mbili, tatu, ya nne ikapotea. Kimya. Nasikia feni tu. Akaniuliza kwa upole vile vile, "Kwani hujawahi kupokea mzigo mahali popote?"

Nikasema, "Hapana, sijawahi."

Nimekaa na hilo neno miaka sasa. Kukosa jibu kunasameheka, kila mtu anakosa. Ila mimi niliulizwa mlangoni kabisa, mlango uko wazi, nikakana. Nilikana misimu mitatu ya kazi halali, nikamkana mwenyekiti alieniamini na funguo za ghala, nikazikana korosho zilizonilipia ada.

Kwenye basi kurudi, tumeshapita Nangurukuru usiku, jibu likanijia lote bila kulitafuta. Nahesabu tena mbele ya dereva. Kwenye delivari noti naandika tumepokea 188, kwa tarakimu na kwa maneno, pungufu 12, anasaini na mimi nasaini, kopi nabaki nayo. Nampigia mzabuni hapo hapo dereva akiwa anasikia. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inakagua hizo 188, hati ya mapokezi inatoka ya 188, leja 188, kadi ya stoo 188, na mhasibu halipi zaidi ya 188. Mbona fupi hivo. Nikalia mpaka mama wa siti ya pembeni akanipa kanga yake akidhani nimefiwa.

Nafika nyumbani mama ananiuliza, walikuuliza nini mwanangu. Nikamsimulia lile swali. Mama yangu hajasoma zaidi ya la saba. Akasema, "Si ndo kama lile lori la usiku, uliloligomea kusaini?"

Sikuwa na la kumjibu.

2021 nikaitwa tena, taasisi nyingine. Safari hii PDF sikuishika. Nilisoma sheria, nikasoma na kaunta buku langu la ghalani, nikajiuliza kila kurasa, hiki nilichofanya hapa serikalini kinaitwaje? Daftari langu linaitwa leja. Kile kikaratasi nilichokuwa nafunga kwenye rundo la magunia ni kadi ya stoo. Unyaufu ni upotevu unaotegemewa, unauandikia na kuutolea taarifa, huufichi. Mahojiano yakaanza, jitambulishe, nikasema nilikuwa karani wa ghala chama cha msingi Tandahimba misimu mitatu. Wakaacha maswali yao wakaanza kuniuliza ya korosho! Unyaufu mnaupimaje, mkulima akibisha mizani mnafanyaje, mlijuaje kama ni wizi. Nikaongea kama naongea na nyie. Nafasi zilijaa, nikawekwa kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wakakosa nafasi, baadae nikaitwa kazini kutoka humo humo, na ndo niko halmashauri mpaka leo.

Kwaiyo ukisema huna uzoefu, mimi siamini. Umeuza duka la mjomba? Umepokea mzigo wewe. Umeshika hela ya kikoba cha mama? Umefanya usuluhishi wa hesabu. Kaa chini uandike ulichofanya, kisha utafute jina lake la kiofisi.

4. Nyie mnaoomba kazi benki. Hesabu za haraka fanyeni kila siku kwa saa, bila kikokotoo. Halafu hebu niambieni, mtu amezaliwa Mtwara anaingia intavyuu ya benki tawi la Mtwara anaulizwa utaleta wateja gani, anasema "nitafanya masoko mitandaoni". Wateja gani hao? Hela ya korosho unajua inavopita? Mnada, mnunuzi analipa, inashuka chama kikuu, chama cha msingi, inaingia akaunti ya mkulima. Mkulima ambae akaunti yake imelala tangu msimu uliopita, au jina la akaunti na la kwenye orodha ya chama haviendani, anasubiri wenzie wakila. Mtu anaejua hilo anaweza kumwambia meneja kwamba Septemba, kabla minada haijaanza, nitakuwa nazunguka vyama vya msingi kuhuisha akaunti na kurekebisha majina. Hilo jibu halipo kwenye PDF ya mtu wa Dar, lipo kwa bibi yako Nanyamba, nenda kamuulize alisumbuka nini benki.

5. Barua ya maombi isainiwe, wengi wanaenguliwa kwa hilo tu. Jina la NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule yafanane, na kama hayafanani nenda kwa wakili mwezi huu, siyo wiki ya usaili. Ukiingia kanzidata endelea kuomba. Mchujo ukifeli usikae nyumbani ukinuna, tangazo jingine linatoka. Na nguo ya usaili ijaribu mapema, kuna dada zipu ilimkatikia kwenye korido tukamshonea na uzi wa gunia aliokuwa nao kijana mmoja wa Liwale kwenye begi, sijui alikuja nao wa nini, ila aliingia akiwa nadhifu.

Sasa yule bwana mdogo wa steshenari. Nilimsubiri alipie, tukatoka nae nje, nikamuuliza msimu unafanya nini. Akasema, "Napiga salfa tu dada, mashamba ya watu." Salfa ni ile dawa ya unga ya mikorosho. Nikamuuliza unajuaje mfuko umetumika wa nani na umebaki wa nani. Akasema ana daftari, kila mwenye shamba na kurasa yake, mifuko aliyoleta, iliyotumika, iliyobaki, na mwenye shamba anaweka dole gumba au saini. Mwaka juzi mzee mmoja alidai kaibiwa mifuko miwili, akamfunulia daftari, mzee akakumbuka kwamba aliichukua mwenyewe kumpa shemeji yake.

Nikamuuliza, hilo umeliandika kwenye CV yako? Akacheka, akaangalia chini.

Jumamosi narudi Mtwara, nitakuwa kwa shangazi Chuno kuanzia saa nne. Nimemwambia aje na hilo daftari la salfa.