Babu na mkono wa kushoto

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mzazi akipatwa na ugonjwa mkubwa uzeeni, auguzwe na watoto wake au na mtu wa kulipwa?", nimesomewa na mjukuu wangu hapa barazani, Ngamiani. Nikamwambia alete hiyo simu nijibu mwenyewe. Naandika kwa gumba la kushoto. Mkono wa kulia uko mapajani, umejikunja kama paka. Mkikuta herufi zimerukwa, ndiyo sababu.

Kwanza niseme kilichonikera. Mmeuliza kana kwamba mgonjwa ni gunia la mkaa: nani alibebe, huyu au yule? Gunia haliulizwi. Mimi naugua kiharusi tangu 2021, na katika muda wote huo sijasikia mtu akiniuliza nataka kushikwa na nani. Basi nitajibu hilo, la kwenu mtajibiwa na vijana.

Nataka kushikwa na mtu wa kulipwa. Mniandike hivyo.

Nilikuwa na miaka 68. Nimefanya kazi reli tangu 1977, mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika tukaambiwa sasa sisi ni Shirika la Reli Tanzania, hadi nikastaafu. Presha nilikuwa nayo tangu kazini. Dawa nikaziacha kwa kuwa sikuwa nikiumwa chochote, na msinicheke, kwani mnaosoma hapa nusu yenu mmeziacha pia. Alfajiri moja nikaamka niende msikitini, kikoi kikagoma kufungika. Nikadhani mkono nimeulalia. Nikamwita mke wangu, sauti iliyotoka sikuitambua ni ya nani.

Jirani, Mungu amsamehe, akasema ni upepo mbaya. Nikachuliwa mafuta, nikafukizwa ubani mpaka adhuhuri. Baadaye daktari alinieleza kwamba kiharusi changu ni cha mshipa kuziba, si cha mshipa kupasuka, na kwamba ipo dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu, ila hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza, tena baada ya CT-Scan, ile picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Dawa yenyewe hospitali tuliyopelekwa hawakuwa nayo, kwa hiyo hata tungefika kwa kuruka ingekuwa yale yale. Lakini ule ubani unaniuma mpaka leo.

(Hospitali hiyo ilikuwa na dirisha la wazee. Limeandikwa vizuri kabisa, mpisheni mzee. Kwenye kiti cha mbele alikaa kijana anachezea simu, na wazee tulikuwa nyuma yake. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Niishie hapo, sikuja kwa hilo.)

Mwanangu wa kwanza akaomba ruhusa kazini, akaja kutoka Dar es Salaam kuniuguza. Siku ya tatu akaniogesha. Alifumba macho. Na mimi nikafumba macho. Sabuni ikamponyoka ikaenda chini ya kiti, tukawa tunaitafuta wote wawili, tumefumba macho. Baada ya hapo hatukutazamana siku mbili. Binti yangu naye alifunga meza yake ya vitambaa sokoni Mgandini kwa miezi minne, akawa anapika uji na kufua mashuka. Yeye hakuna aliyemuuliza kama anaweza au hawezi. Nyie mkiandika "watoto" mnajua vizuri mnamaanisha mtoto yupi.

Ndipo tukapata kijana aliyesomea uuguzi ngazi ya cheti, hajapata ajira, anakaa Makorora. Huyu hakufumba macho. Alikuja na baiskeli saa moja asubuhi, akavua viatu, akasema, "Shikamoo mzee wangu, leo tunaosha injini." Akaniosha kama injini, kweli, mbele na nyuma, huku ananibishia kuhusu Coastal Union. Yeye hakuwa amezaliwa tulipochukua ubingwa 1988, lakini alibisha kama vile alikuwepo uwanjani. Siku niliyomtukana kwa maneno yasiyotamkika akasema, "Hilo 'sh' limetoka vizuri, rudia."

Alinichanganyia choroko na maharage kwenye bakuli, akataka nizitenganishe kwa mkono ule ule mbovu. Maharage ishirini yalinichukua asubuhi nzima. Na kuna jambo ambalo watu hawalisemi: baada ya kiharusi mtu anaweza kulia ovyo. Mimi nililia kwa tangazo la sabuni redioni. Mke wangu alidhani nawaza kifo, akalia na yeye. Kijana akatueleza kuwa ni ubongo, breki zake zimelegea, si huzuni. Kisha akaniambia faraghani kwamba huzuni nayo ipo, humpata karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu wa kiharusi, na nikiona nimeacha hata kubishana nimwambie. Nikaona huyu anajua kazi. Analipwa, simdai wala hanidai, jioni anapanda baiskeli anakwenda zake na aibu yangu haibaki sebuleni.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini nikitaja aibu lazima nisimulie walima, ile karamu ya arusi.

Ulikuwa mwezi wa nane wa ugonjwa. Mwenzangu wa zamani, dereva wa treni, alikuwa anaozesha. Mimi tangu niugue sikuwa nimehudhuria shughuli yoyote, si arusi, si hitma. Nilisingizia miguu. Miguu ilikuwa inakwenda, na fimbo. Kilichonizuia ni sinia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mnakaa sita mkekani, pilau iko katikati, nyama juu, ndizi mbivu pembeni, na mkono unaoingia humo ni mmoja tu, nao ndio niliopokonywa. Nilikuwa naweza kula kwa kushoto kwa kijiko, nyumbani, mlango umefungwa. Mbele za watu nisingeweza hata kwa viboko.

Dereva akaja mwenyewe kunichukua, na bajaji, amevaa kanzu mpya. Akasema nisipopanda hafungi ndoa ya mtu leo. Nikapanda. Mwanangu alikuwa amekuja kwa ajili ya arusi hiyo, akapanda na yeye, na kijana wetu akafuata kwa baiskeli.

Nilijipanga vizuri. Nimekaa karibu na nguzo, mkono nimeuficha chini ya kanzu, jibu ninalo mdomoni: "Nimeshakula nyumbani." Nikasahau birika. Kabla ya sinia huja mtu na birika na beseni, anamimina maji, kila mmoja ananawa. Alikuwa mtoto wa kiume, labda miaka kumi na miwili, anafanya kazi yake kwa makini. Akafika kwangu. Nikatoa wa kushoto. Akasubiri. Birika limeinama lakini maji hayatoki, anasubiri wa kulia, kama alivyofundishwa. Watu watano wanatazama. Nikautoa. Sasa, vidole vyangu wakati ule vilikuwa vimefunga ngumi, na nikiona haya ndiyo vinazidi kukaza. Pale vilikaza mpaka kucha zikazama kiganjani.

Kijana wetu alikuwa sinia la jirani. Nilimwona anainuka nusu. Kisha akakaa.

Mwanangu ndiye aliyeushika. Hakusema kitu. Alianza na kidole kidogo, akakifungua, akakishikilia kwa gumba lake ili kisirudi, akaja kwenye cha pete, halafu cha kati. Alimwashiria yule mtoto, maji yakaja taratibu, naye akaosha katikati ya vidole, kimoja kimoja, mpaka ile mistari ya kiganja ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona kwa wiki kadhaa. Kulikuwa na uji uliokaukia mle. Akautoa kwa ukucha. Kisha akaukausha kwa ncha ya kanzu yake na kuurudisha mapajani kwangu. Macho alikuwa ameyafumbua muda wote. Nilijua kwa sababu nami niliyafumbua.

Sinia likaja. Nikasema nimeshakula nyumbani. Dereva akasema, "Muongo, mkeo yuko jikoni kwangu tangu jana." Nikatia mkono wa kushoto.

Yule mtoto wa birika alikuwa hajaenda mbali. "Babu anakulia mkono wa chooni!"

Kimya. Mzee mmoja akanyanyua kofi. Sheikh akaanza kusema mwenye udhuru hana lawama, na ndivyo dini ilivyo, nilijua, lakini kabla hajamaliza mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu alfajiri ile ya kikoi. Mdomo uliopinda haucheki kwa adabu. Pilau iliruka, ikatua kwenye kanzu ya sheikh. Akajipangusa, akacheka yeye, wakacheka wote. Hakuna aliyehamia mkono wa kushoto ili kunipa pole, alhamdulillahi. Waliendelea kula kwa wa kulia na kunisogezea minofu, kama wanavyomsogezea mtu mzima yeyote. Ndizi nilimenyewa na mwanangu. Hiyo ya pili nilimkatalia, nikaimenya kwa meno.

Nimesimulia mno, najua. Mjukuu ameshanidai simu mara mbili. Lakini nimejikuta nabadilika nikiandika, na sitafuta niliyoandika juu maana kufuta kwa gumba ni kazi.

Kijana angeweza kunifungua vile vidole kwa dakika moja, tena vizuri zaidi. Ndiye aliyemfundisha mwanangu namna ya kuanzia kidole kidogo, hilo nilikuja kulijua baadaye. Ila angefungua vidole vya mgonjwa. Pale walimani sikuwa nataka kuwa mgonjwa wa mtu. Nilitaka kuwa baba wa mtu, na hilo halina mshahara.

Basi mniandike: watoto. Lakini si kwa kuoga, kuoga nabaki palepale, alipwe mtu. Wala si watoto kwa maana ya binti afunge meza yake, huko kunaitwa kumnyonya. Na si kila mtoto. Wapo wa kukuuguza huku wanapima nyumba kwa macho. Na asiye na uwezo wa kumlipa kijana kama wetu, ambao ndio wengi, simwambii kitu, maana swali lenu halikumhusu tangu mwanzo, na hilo nalo mlifikirie mnapotunga la wiki ijayo.

Vidole sasa vinafunguka vitatu. Cha pete na kidogo bado vinasubiri kusaidiwa. Dawa ya presha nameza kila siku baada ya alfajiri, mke wangu amesimama mlangoni kama askari. Mwanangu hupiga simu Alhamisi, na tukishamaliza habari za watoto huuliza, "Na mkono wa chooni?" Kijana ameajiriwa, zahanati moja huko Muheza. Akipita Tanga huingia hapa, hunywa chai, na kabla hajakaa huutazama mkono wangu kwanza, ndipo anisalimu.

Msomaji,
Ngamiani, Tanga