Zinjanthropus si babu yetu: anza hapo

Anayetaka kujifunza chimbuko la binadamu akiwa Dar asianze na orodha ya majina ya Kilatini. Yatamchosha kabla hajafika popote. Aanze na fuvu moja, la Zinjanthropus au kwa kifupi Zinj, zamadamu (kiumbe wa kale wa nasaba ya binadamu), ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo makao yake ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ukikuta kabatini pamewekwa nakala, haidhuru, umbo ni lile lile.

Lisogelee kwa ubavuni, si kwa mbele. Utosini kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama kishungi cha jogoo: hapo ndipo ilipojishika misuli ya kutafunia. Mifupa ya mashavu imetanuka ili misuli hiyo ipite. Magego ni mapana kupita kiasi, ilhali meno ya mbele ni madogo. Kisha ulizia chini ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingilia. Kwa sokwe tundu hilo liko nyuma zaidi. Kwa zamadamu waliotembea wima limesogea mbele, chini ya kichwa. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 530 hivi, yaani chupa ndogo ya maji na funda moja juu yake. Wa kwetu ni kama 1,350.

Wengi hukosea hapa. Wakiona uso mkubwa na ubongo mdogo husema, "Kumbe ndivyo tulivyokuwa." Hatukuwa hivyo. Siku hizi wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei, tawi la pembeni lililokatika bila kuacha kizazi. Hapo hapo Oldupai, katika matabaka ya umri ule ule, ilipatikana mifupa ya Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964, mwenye meno madogo zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Walikuwa majirani. Ile picha ya sokwe wanaopanga foleni hadi mtu mwenye mkuki, mimi ningeifuta kwenye kila ukuta wa darasa. Hata sokwe mtu wa leo si babu yetu; ni binamu, na mzee wetu wa pamoja aliishi yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita.

Basi chora nasaba, kama ya ukoo. Unganisha karatasi mbili za manila, upige mstari wa sentimita 70, kila sentimita ikiwa miaka 100,000. Leo iwe mwisho wa kulia. Rudi nyuma sentimita 3: Homo sapiens, yaani mtu kama sisi, wa Jebel Irhoud, Moroko. Sentimita 18 hivi: Zinj, lakini mweke kwenye tawi, si kwenye shina. Sentimita 36.6: nyayo za zamadamu zilizopatikana Laetoli, karibu na Oldupai. Kilimo chote cha dunia, tangu mbegu ya kwanza, hakizidi milimita moja na kitu.

Ukiulizwa umri huo ulijulikanaje, usijibu "kwa kaboni 14". Kaboni hiyo, iliyomo katika mabaki ya viumbe, hufifia mno ikifika kama miaka 50,000. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya mfupa: potasiamu iliyomo hugeuka gesi ya agoni taratibu sana, na kiasi cha agoni hutoa umri. Mfupa wenyewe hauna habari hiyo.

Somo la kutembea wima lipelekee Coco Beach maji yakipwa. Chagua mchanga ulioloa na kushikana, mkavu hubomoka. Tembea kawaida, usisimame. Utaona kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele sambamba na vingine, na upinde wa wayo umegusa kidogo tu. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu yaliyoloa mvua, zinaonyesha gumba lililonyooka vivyo hivyo, si la kushikia matawi. Kisha pima urefu wa wayo wako, ugawe kwa 0.15: utapata kimo chako kwa kukisia. Wayo wa sentimita 18.5 hutoa mita 1.23. Ila kanuni hiyo imetokana na watu wa leo. Kama wayo wa zamadamu ulikuwa mrefu zaidi kwa kimo chake kuliko wetu, jibu litamrefusha.