Bustani katika jua la kaskazi: majibu ya maswali yenu

Vuli imeshatuaga na masika bado yako mbali. Barua nilizozipokea wiki hizi, za Unguja na za Pemba, karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: maji hayatoshi, upepo wa kaskazi unakausha kila kitu, basi niokoe kipi? Jibu langu nitalisema mapema ili msinishangae huko mbele. Wakati wa kaskazi maji ni ya miti na vitu vya kula. Majani ya uwanjani yanajua kusubiri.

Ami, shikamoo. Nina uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, mita kumi kwa kumi. Kila magharibi naumwagilia kwa mpira robo saa, lakini umegeuka rangi ya mkeka mkongwe. Nakosea wapi? (Msomaji, Fuoni)

Marahaba mwanangu. Hebu kwanza tupige hesabu. Ukoka ukitaka ubaki kijani katika jua hili unahitaji maji ya kimo cha kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wako ni mita za mraba 100, kwa hiyo unadai lita 2,500 kila wiki, yaani ndoo 125 za lita 20. Jirani yako huenda anaamka saa 9 za usiku kukinga maji ya mfereji yanayotoka kidogo kidogo. Mimi siwezi kukushauri umwage ndoo 125 juu ya majani.

Habari njema ni kwamba ukoka wako haujafa. Una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na jua likizidi huyaachia majani yakauke, uhai ukarudi chini kujificha. Chimba kidogo kwa ncha ya kisu. Ukikuta kishina cheupe, kigumu, chenye unyevu ndani, jua kuwa umelala tu, na mvua za masika zitauamsha. Ukitaka kuwa na hakika kwamba hautakufa kabisa, uloweshe mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, lita 10 hivi kwa kila mita ya mraba. Hautakuwa kijani, lakini utakuwa hai.

Ile robo saa ya kila jioni ndiyo inayokudhuru zaidi. Maji hayo huingia kina cha kidole tu, na kesho adhuhuri yameshapaa. Mizizi nayo hufuata maji. Ukiyaleta juu, nayo hubaki juu, pale panapochomeka. Mara nyengine ukimaliza kumwagilia, chukua panga ufukue upande mmoja uone unyevu umeshuka mpaka wapi. Ukiona haujafika nusu shibiri, hujamwagilia, umenyunyiza. Bora siku moja ya maji mengi kuliko siku saba za maji ya kuonja.

Na usiufyeke mfupi. Mashine ya kukatia majani iinue, uache kimo cha vidole vitatu au vinne, ili majani yenyewe yaufunike udongo. Yaliyokatwa yaache hapo hapo. Mbolea ya chumvichumvi usiitie sasa hata ukipewa bure, kwa sababu kwenye udongo mkavu inaunguza. Gari nayo itafutie pahala pengine pa kulala: ukoka uliolala ukisagwa na magurudumu hauinuki upesi.

Nimwagilie wakati gani, hasa katika mwezi wa funga? Nimesikia maji ya mchana yanachoma majani kwa sababu matone yanakuwa kama kioo. (Msomaji, Bububu)

Hilo la matone kuwa kioo lisikutie hofu. Ubaya wa maji ya mchana ni kwamba mengi yanapaa kabla hayajafika mzizini. Ramadhani za miaka hii zinaangukia ndani ya kaskazi, na kwa mwenye bustani hiyo ni nafuu: umeshaamka kwa daku, basi ukishasali alfajiri toka na ndoo yako. Ardhi imepoa, upepo umetulia, na mmea unapata maji kabla ya kazi ya mchana. Ukishindwa alfajiri, saa 11 jioni inafaa, ila mwaga chini, majani yasilale na unyevu.

Tungule (nyanya) zangu zimechanua vizuri kisha maua yote yakapukutika. Nimetia mbolea, nimetia dawa, hakuna linalosaidia. Nimeanza kufikiria kuna kijicho. (Msomaji, Donge)

Ndugu yangu, usimtuhumu mtu. Tungule ni mmea usioyapenda majira haya. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukagoma kushuka chini ya 24, chavua yake, ule unga wa ndani ya ua, inakosa nguvu, ua halishiki tunda, linaanguka. Hapa kwetu mwezi wa Februari hata usiku wa manane huwa tunatafuta upepo barazani, sembuse tungule. Mbolea uliyotia imeongeza majani tu.

Miche mizuri ibakishe, iwekee kivuli cha makuti upande wa magharibi ili jua la alasiri lisiifikie, na ulowanishe shina mara kwa mara. Tazama pia chini ya majani. Ukiona vumbi vumbi jekundu linalotembea na utando mwembamba, huyo ni utitiri, mdudu wa joto na ukavu. Mpige kwa maji ya nguvu chini ya jani asubuhi, siku tatu nne mfululizo. Iliyochoka ing'oe. Pahala pake panda bamia, kunde au mchicha, vitu vinavyofurahia jua. Tungule za kujivunia zitakuja na kusi, kuanzia Juni, usiku unapopoa.

Je, maji ya kuoshea vyombo na maji ya udhu yanafaa kwa miti? Mama mkwe anasema yanaua. (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Maji ya udhu ni maji safi. Weka beseni au kata mfereji mdogo kutoka pale mnapotawadhia mpaka kwenye mpapai, na utaona. Nyumba ya watu sita wanaotawadha mara tano kwa siku inamwaga maji mengi kuliko tunavyodhani, na kuyaacha yapotee wakati huu ni israfu.

Ya vyombo, mama mkwe ana haki ya kuogopa kidogo. Suuzo la mwisho lenye povu jepesi halina shida kwa mgomba, mpapai au mnazi. Maji ya mafuta mengi, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo, yamwage kwengine. Usiyatie kwenye mchicha wala kitu chochote kinacholiwa kibichi, na usimwage shimo moja kila siku. Zungusha: leo mgomba huu, kesho ule.

Ami, kisima chetu kila ikifika Januari kinaanza kuwa na chumvi. Nimemwagilia mlimau na maua, ncha za majani zinaungua. Tufanye nini? (Msomaji, Jambiani)

Swali hili linanigusa. Niliwahi kupoteza mdimu wa miaka sita kwa maji ya namna hiyo hiyo, nikidhani ni ugonjwa, nikazidi kuumwagilia ili upone. Kila ndoo niliyoubembeleza nayo ndiyo iliyouua.

Elewa kwanza kisima chako. Chini ya maweni yenu ya pwani ya mashariki maji ya mvua hayakai kwenye mto wala ziwa. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mawe, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Mvua ikikoma na pampu zikaendelea kuvuta, tabaka la juu linakonda na chumvi inapanda. Kwa hiyo ukiteremsha pampu chini zaidi unaifuata chumvi nyumbani kwake. Vuta kidogo, subiri, vuta tena. Yule anayeteka kwa ndoo juu juu mara nyingi hupata maji matamu kuliko mwenye mashine.

Ukiwa huna budi kuyatumia maji hayo, usiyanyunyize juu ya majani, mwaga ardhini tu. Na usitie kidogo kila siku. Maji hupaa, chumvi hubaki, na baada ya mwezi utauona ukungu mweupe juu ya udongo. Tia mengi kwa mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, kisha pumzisha siku kadhaa. Ukipata pipa la maji matamu, mpe mlimau wako wote. Jamii ya ndimu, malimau na machungwa haivumilii chumvi hata kidogo. Mnazi, mvinje, mkungu na bogenvilia wanavumilia vizuri. Ukoka pia.

Tiba ya kweli iko juu ya nyumba yako. Paa la bati la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 10 tu linapokea lita 800, na hata ukipoteza sehemu kwa maji yanayoruka nje na majani yanayoziba, utabaki na 600 na kitu. Weka mifereji ya paa na tangi kabla masika hayajaingia. Fedha mnayonunulia maji ya gari miezi hii mitatu inatosha kuanzia.

Jambo jengine la kwenu hasa: makumbi ya nazi ni matandazo bora kuliko yote, lakini yasiwe yale waliyoyafukia kina mama pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Hayo yameshiba bahari. Chukua makumbi makavu ya nyumbani. Na mwani uliotupwa na maji ufukweni usiutandaze sasa. Ulundike pembeni, mvua za masika ziuoshe kwanza.

Nakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu, nina asumini kwenye madumu meusi juu ya sakafu ya dari. Nataka vikuba, yale mafungu ya maua ya kunukia, vya harusi ya binti yangu lakini maua hayaji. (Bi msomaji, Mji Mkongwe)

Mwenyezi Mungu ajaalie harusi ya kheri, dada yangu. Asumini wako wanapikwa. Dumu jeusi juu ya saruji likipigwa na jua la saa 8 mchana, mizizi iliyobanana ukutani mwa dumu inaungua, na mmea unaotafuta kuishi hauna nafasi ya kuchanua. Lisogeze dumu upande wa mashariki wa ukuta, lipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Liinue juu ya vipande vya mbao lisigusane na sakafu, lifunge gunia au mkeka wa zamani, na juu ya udongo tandaza makumbi yaliyochambuliwa. Yapange madumu yote karibu karibu, yanafichiana jua. Maji mpe kila asubuhi mpaka yatoke chini, maana udongo wa dumu haufichi akiba.

Yakishatulia, punguza ncha za matawi marefu kwa mkasi, kwani asumini huchanua kwenye chipukizi changa. Mpe wiki kadhaa. Mlangilangi usijaribu kwenye dumu, huo ni mti wa kwenda juu. Mrehani lakini panda leo leo, wiki chache tu na kikuba kimepata majani yake.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma, wamejaa kwenye mwembe wangu. Nipige dawa? (Msomaji, Mahonda)

Usipige. Majimoto ni walinzi. Wanawinda wadudu wengi, wakiwemo wale wanaofyonza nazi changa mpaka zikadondoka. Kata tu tawi linalogusa njia au nyumba, na siku ya kuchuma vaa mikono mirefu.

Ami, nilipanda miche 40 ya mikarafuu mwanzo wa vuli. Kumi imeshakauka, mengine inaanza ncha kuwa nyeusi. Kisima kiko mbali, mgongo unaniuma kwa madumu. (Msomaji, kando ya Wete)

Pole sana. Mkarafuu mchanga una tabia ya mtoto mchanga: hautaki jua la uso kwa uso. Wazee wetu hawakuupanda peke yake uwanjani, waliupenyeza penye migomba na muhogo ukakulia kwenye kivuli cha wengine.

Thelathini iliyobaki ipe kivuli kabla ya maji. Chomeka makuti mawili kila mche, moja upande wa mashariki na moja magharibi, yakutane juu kama paa la kibanda. Usidharau hilo la juu: wiki ya kwanza ya Machi jua la adhuhuri linatusimamia utosini kabisa, kivuli cha nguzo kikarudi chini ya nguzo.

Kisha zungushia makumbi, tumbo likitazama juu ili yakamate umande na maji, lakini acha nafasi ya kiganja kutoka shinani, maana mchwa hupenda kujificha humo na mche wenye kiu ndio wanaouanza. Kwa maji, tafuta chupa za lita moja na nusu. Toboa tundu dogo la sindano kwenye kifuniko, kata kitako, ifukie kichwa chini kando ya mizizi. Ijaze mara mbili kwa wiki. Miche 30 ni lita 45 kwa mzunguko, yaani madumu mawili na kidogo, na mgongo wako utapata nafuu.

Ile iliyokauka kwanguza gome kwa ukucha karibu na ardhi. Ukiona kijani, usiing'oe, huenda ikachipua. Na masika yakiingia usiyatoe makuti yote siku moja kwa furaha ya mvua. Toa la mashariki kwanza, mche uzoee jua la asubuhi wiki mbili tatu, ndipo utoe la pili. Pale palipobaki mashimo panda mgomba au muhogo masika haya, na mikarafuu mipya isubiri vuli ijayo, ikute kivuli kimeshasimama.