Usitoe tiketi kwa ResponseCode 0, hiyo bado si pesa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza utumie PHP au Node kwenye tovuti yako ya kuuza tiketi za tamasha kwa M-Pesa, na ukodi seva wapi, lakini mimi macho yameganda kwenye ule mstari uliobandika: ResponseCode ikiwa "0", tuma tiketi. Mstari huo huo nimeulipia kwa pesa za watu. Na fundi wa kwenye video ya mafunzo, niliyeunakili kwake, alikuwa anaandika huku anatabasamu, eti "hapo tayari, malipo yamekamilika". Yamekamilika wapi?

Ile 0 ya kwanza ina maana moja: Daraja, yaani mfumo wa Safaricom unaounganisha programu yako na M-Pesa, imepokea ombi lako la STK, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN. Soma maneno yanayokuja nayo: "Success. Request accepted for processing". Wakati huo ombi ndiyo kwanza linaelekea kwenye simu ya mteja. Hajaweka PIN, hajaamua, pengine hata salio hana. Siku vijana watakapogundua kwamba ukighairi unapata tiketi, ukumbi utajaa hadi mlangoni na wewe hutaona hata shilingi. Hongera kwa mahudhurio.

Habari ya pesa iko kwenye ujumbe wa pili, ambao Daraja inautuma kwenye CallBackURL yako, yaani anwani ya seva yako uliyoipa ikuletee matokeo. Fungua Body, kisha stkCallback, utazame ResultCode. 0 amelipa. 1 salio halitoshi, 1032 kaghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN imekosewa. Asipolipa, CallbackMetadata haiji kabisa, yaani ile sehemu yenye kiasi na namba ya risiti, kwa hiyo msimbo unaokimbilia Amount kabla ya kutazama ResultCode unaanguka. Halafu ile 0 ya kwanza huja kama maandishi, "0", na hii ya pili huja kama namba. Ukilinganisha kwa ===, inayotaka hata aina ifanane, bila kuangalia, aliyelipa ndiye atakayeambiwa hajalipa, na huyo atakupigia saa sita usiku.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kutuma ombi, andika oda kwenye hifadhidata ikiwa na hali "inasubiri", na kiasi kikokotolewe na seva yako. Usipokee kiasi kutoka kwenye kivinjari, maana kuna mtu atakibadilisha kiwe shilingi 1 na atalipa kwa uaminifu kabisa. Jibu la kwanza likirudi, hifadhi CheckoutRequestID, namba ya utambulisho ya ombi lako, kwenye oda hiyo. Ujumbe wa pili ukifika, tafuta oda kwa CheckoutRequestID, linganisha Amount, weka MpesaReceiptNumber kwenye safu yenye UNIQUE, isiyokubali risiti moja mara mbili, kisha geuza hali kuwa "imelipwa" ikiwa tu bado ilikuwa "inasubiri". Ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili, na bila ulinzi huo mtu mmoja anapata tiketi mbili.

Na usiuamini ujumbe wenyewe hivi hivi! Haubebi saini yoyote, hivyo anayeijua anwani yako anaweza kukutumia ujumbe (JSON) wa kujitungia akiwa kitandani kwake. Kabla tiketi haijatoka, iulize Daraja wewe mwenyewe kupitia stkpushquery, njia yake ya kuulizia hali ya ombi, kwa CheckoutRequestID ile ile. Njia hiyo hiyo ndiyo itakuokoa seva yako ikilala na ujumbe wa pili ukapotea: weka kazi ya kila dakika ipitie oda zote zilizo "inasubiri" na kuziulizia. Ukiambiwa bado inashughulikiwa, iache oda ilivyo, usiifute. Jibu la swali hilo halileti namba ya risiti, kwa hiyo safu ya risiti iruhusu kubaki tupu (NULL), utaijaza baadaye kutoka kwenye taarifa ya malipo.

Wa Tanzania msinakili majina haya, M-Pesa ya Vodacom ina API yake, yaani njia yake ya kuunganisha programu, na sehemu zake zinaitwa vingine. Kanuni haibadiliki: kupokelewa kwa ombi si malipo.

Ah, seva. Yoyote yenye HTTPS inayofikika kutoka nje, maana localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, haitafikiwa na mtu. Hiyo PHP na Node mtabishana na wengine hapa. Wewe futa ule mstari leo, kisha bandika msimbo mpya tuukague kabla hujatangaza tamasha.