Bimkubwa anakuja Korea na Chuseok imekaribia? Mpeleke tu ukweni

Dada nimesoma swali lako mara mbili. Mama yako anatua Incheon tarehe 20 Septemba 2026, mumeo Mkorea anataka mkale Chuseok, ile sikukuu yao kubwa ya mavuno, kwao kijijini, na wewe unawaza bora umtafutie mama hoteli Seoul mpaka sikukuu ipite, kwasababu lugha hajui, ni mlokole, na unaogopa ile ibada ya mababu asubuhi itamkwaza. Mi nimepita hapo hapo mwaka 2023, mama yangu mkulima wa mpunga kutoka Kyela, na ninachokwambia ni kimoja, usimfiche. Mpeleke, ila mpe kazi ya kufanya, asikae kwenye kochi kama mgeni wa heshima anaangalia watu wanahangaika.

Kwanza hiyo hoteli isahau. Chuseok ni mwezi mpevu wa mwezi wa nane kwa kalenda yao ya mwezi, mwaka 2026 inaangukia Ijumaa tarehe 25, mapumziko ni 24 mpaka 26, ukiweka na Jumapili zinakuwa siku nne. Siku hizo watu wanarudi kwao, migahawa mingi ya mtaani inafunga, supamaketi nyingine zinafunga siku yenyewe, unabaki na viduka vya masaa 24 na wali wa kwenye plastiki. Mama aje kutoka kwetu alafu ale hivyo, hapana. Kasri kama Gyeongbokgung zinafunguliwa bure kipindi hicho, ni kweli, na kumejaa watu waliovaa hanbok, mavazi yao ya asili, panapendeza sana, lakini hiyo ni nusu siku. Mpeleke mkirudi kutoka kijijini.

Usafiri, tiketi za KTX, treni yao ya mwendo kasi, za sikukuu zinauzwa kwa utaratibu wake wiki kadhaa kabla na zinaisha upesi mno, kwahiyo mwambie mumeo aanze kufuatilia mapema. Sisi tulizikosa tukaenda na gari. Barabara za kulipia huwa bure siku hizo ila ndo kila mtu yuko humo, kutoka kwetu Suwon mpaka Gimje, kijijini kwao mume wangu, ambako siku ya kawaida ni kama masaa mawili na nusu tulitumia masaa sita, na mama miguu ilivimba. Beba maji, ndizi, mto wa kuegemea, na simamisheni gari kila baada ya muda hata kama mumeo analalamika.

Alafu dawa. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mama alikuja na dawa za presha za wiki mbili, mi nikajua nitamnunulia nyingine huku, sikujua kwamba huku hupewi bila cheti cha daktari, na zikaisha jioni ya kuamkia Chuseok tukiwa kijijini, famasi zote giza. Mume wangu akapiga 119, namba ya dharura ya huku, wale hawapokei moto na ajali tu, wanakuelekeza pia zahanati na famasi za zamu zilizo wazi. Tukaelekezwa mjini, daktari akaomba kuona boksi la dawa, na kwa bahati mama anatunza kila kitu, boksi lilikuwemo kwenye pochi limekunjwa ndani ya kitambaa, jina limeandikwa amlodipine, dakika chache cheti kikatoka. Nililipa yote mfukoni kwasababu mama hana bima ya huku. Kwahiyo mama yako aje na dawa za siku zote pamoja na nyongeza, na jina la dawa lenyewe liandikwe kwenye karatasi, sio jina la kampuni. Na ukiwa peke yako bila mumeo kuna 1330, namba ya watalii, inapokea masaa 24 kwa Kiingereza.

Sasa jikoni. Nilikuwa na wasiwasi kama wako, nikamwambia mama ukifika kaa tu, wewe ni mgeni. Akakaa kama dakika ishirini hivi. Mamamkwe alikuwa sakafuni na beseni la magimbi, ndio, magimbi kabisa, wao wanaita toran na kule mkoa wa Jeolla, iliko Gimje, wanayapika supu nzito na unga wa mbegu fulani zinazofanana na ufuta. Mama alipoyaona akainuka mwenyewe. Mamamkwe akamletea glavu za mpira zile za pinki kwasababu magimbi yanawasha, mama akakataa kwa kichwa, akaomba mafuta ya kupikia kwa ishara, akajipaka viganjani mpaka kwenye vifundo, akaanza kumenya. Mamamkwe alisimama kidogo anamwangalia, alafu akavua za kwake naye akapaka mafuta. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Wamemenya beseni zima.

Baada ya hapo wakakaa kwenye songpyeon, vile vikeki vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, unaweka ufuta na sukari ndani, unabana na vidole alafu vinapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Wanasema anayebana vizuri atazaa binti mzuri. Mamamkwe akachukua kimoja cha mama, akakiinua, akaninyooshea mimi kidole. Mama hakuhitaji mkalimani hapo. Wakorea wana neno kabisa la wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana, sadon, na kuanzia siku ile mamamkwe hajawahi kumuita mama kwa neno lingine.

Kuhusu ibada ya asubuhi, charye, ongeeni mapema, usisubiri meza iwe imeshapangwa. Wakorea Wakristo wengi wenyewe hawainami, familia nyingine zinafanya sala ya kumbukumbu badala yake, kwahiyo hilo sio jambo geni kwao. Sisi mume wangu alimwambia baba yake wiki moja kabla kwamba mama atakaa nao ila hatainama, mzee akasema sawa, na mama akasimama nyuma kimya kama mtu aliye msibani kwa watu wengine. Kilichonishangaza ni makaburini. Makaburi yao ni vichuguu vya udongo vyenye nyasi, wanaenda kuyafyeka kabla ya sikukuu, na pale tulipofika kulikuwa na magugu yamebaki pembeni, mama akachuchumaa akayang'oa. Kwetu makaburi yako nyuma ya nyumba karibu na migomba, mtu ukipita unang'oa, ndivyo alivyonijibu nilipomuuliza. Babamkwe aliona. Hakusema kitu, ila jioni yeye mwenyewe ndiye aliyemmenyea mama tunda la pea.

Zawadi, usimwache mama abebe matunda mabichi, nyama wala mbegu, vitazuiwa uwanjani. Mama alileta majani ya chai ya Tukuyu na vitenge viwili, na walivyomfungia yeye boksi la pea ndani ya kitambaa cha bojagi akacheka sana, akasema hili si furushi letu kabisa. Kama kuna ndugu Muislamu anakuja naye sema mapema pia, vitu vingi vya kukaanga siku hiyo vina nguruwe, na yale maboksi ya zawadi ya Spam nayo ni nguruwe. Na uliza kama kuna kitanda, wazee wetu wa magoti kulala chini ni shida, sisi tuliazima kwa jirani.

Ukifika kijijini tembea naye nje. Gimje ni tambarare ya mpunga mpaka macho yanachoka, na mwisho wa Septemba wote umeshakuwa dhahabu. Mama alivunja suke, akasugua kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje moja. Akasema mfupi huu, ila umekomaa. Babamkwe alimpeleka shamba lote kwa miguu, yeye anaongea Kikorea, mama anajibu Kinyakyusa, nikawaacha.

Mpaka leo kila Chuseok mamamkwe ananiuliza kama sadon ameshavuna. Namwambia kule wanavuna mwezi wa tano na wa sita. Mwaka unaofuata anauliza tena.